Jua Unachokifuata Mlimani

Wajukuu zangu,

Tangu Alphonce Simbu aliposhinda marathoni ya dunia kule Tokyo, Septemba 2025, akimtangulia mpinzani wake kwa sekunde 0.03 tu, asubuhi za hapa Morogoro zimebadilika. Naona vijana wengi barabarani kabla jua halijachomoza, na baadhi yenu mmeacha lami mkaanza kupandisha Milima ya Uluguru kuelekea Morningside. Mmenijia pia na swali kuhusu mchezo mliouona kwenye simu: watu wanakimbia msituni wakiwa na ramani na dira, wanatafuta vibendera vya rangi ya machungwa na nyeupe, na anayevifikia vyote kwa mpangilio kwa muda mfupi zaidi ndiye mshindi. Mnataka kujua mazoezi yake yakoje. Mimi nimekuwa bwana misitu karibu maisha yangu yote ya kazi, nikitafuta bikoni za mipaka ya hifadhi kwa dira na ramani, kwa hiyo swali hilo limefika kwa mwenyewe.

Ila kabla ya mazoezi kuna sababu, na hapo ndipo nataka tukae kidogo. Nimewauliza mmoja mmoja mnakimbilia nini mlimani, na wengi mmejibu: maisha. Mnataka kutoka. Simlaumu kijana anayekimbia ili mama yake apate bati za kuezekea nyumba. Na ni kweli mlima umewatoa watu. Victor Kiplangat, kijana wa miteremko ya Mlima Elgon upande wa Uganda, alikuwa bingwa wa dunia wa mbio za milimani mwaka 2017 huko Premana, Italia. Miaka mitano baadaye alichukua dhahabu ya marathoni ya Jumuiya ya Madola mjini Birmingham, na mwaka 2023 akawa bingwa wa dunia wa marathoni kule Budapest. Siku ile ile ya Premana, mbio za wanawake zilichukuliwa na Mkenya, Lucy Wambui Murigi, na mwaka uliofuata akautetea ubingwa wake Andorra. Kwa hiyo anayewaambia kwamba mlima utawaharibia mbio za barabarani hajui anachosema.

Lakini hesabuni vizuri. Katika kila kundi la vijana mia wanaopanda mlima kwa matumaini hayo, watakaolipwa kwa miguu yao ni wachache sana, na hao wachache nao hulipwa kwa miaka michache. Kama fedha ndiyo sababu pekee, siku utakapoona haiji utaacha, na wengi huacha mapema, miili yao ikiwa ndiyo kwanza inaanza kukomaa. Tena sababu hiyo ikiwa peke yake ina hatari nyingine. Kuna mbio kongwe za milimani Uswisi, Sierre-Zinal, kilomita 31 na zaidi ya mita 2,000 za kupanda. Mwaka 2022 aliyemaliza wa kwanza kwa wanaume na aliyemaliza wa kwanza kwa wanawake, wote wawili Wakenya, walinyang'anywa ushindi baada ya vipimo kuonyesha dawa zilizokatazwa. Sitaji majina yao kwa sababu sikusudii kuwaaibisha. Nataka muone tu kwamba mtu anayehitaji fedha na asiyehitaji kitu kingine chochote mlimani, akija kwake mwenye sindano atakuwa na neno dogo sana la kumjibu.

Sababu inayodumu ni ile inayolipwa siku hiyo hiyo, hata kama hakuna anayekutazama. Kwangu mimi ni kuijua ardhi. Kupanda mgongo wa mlima ukajua kabla hujafika kwamba nyuma yake kuna bonde lenye kijito, ukafika ukakuta kijito kipo: hiyo ni furaha ambayo sijaona inazeeka. Waswidi waliligundua hili zamani. Shindano la kwanza la hadhara la mchezo huu, orientiringi, lilifanyika Norway mwaka 1897, lakini aliyeufanya uenee ni mwanajeshi wa Kiswidi, Meja Ernst Killander, karibu na mwisho wa Vita Kuu ya Kwanza. Aliona vijana wamechoka kuzunguka uwanjani. Akawapeleka msituni na ramani, na vijana wakarudi kukimbia, kwa sababu sasa kila kona ilikuwa na kitu cha kutafuta. Leo Sweden ina shindano la siku tano liitwalo O-Ringen, lililoanza mwaka 1965, na maelfu hushiriki kila mara. Wamegawanywa kwa umri, na lipo kundi la watoto kama lilivyopo la wazee waliopita miaka 80. Mzee wa miaka 80 hafuati zawadi ya fedha msituni. Anafuata kile kile alichokipata akiwa na miaka 12.

Basi, mazoezi.

Anza na miguu, maana bila miguu ramani haikupeleki popote. Mkitaka mwalimu wa kupanda na kushuka, amkeni alfajiri mkakae kwenye njia ya Morningside muwatazame mama zetu wa Kiluguru wakishuka sokoni na matenga ya mboga kichwani. Mmekuwa mkipishana nao kila siku na sidhani kama mmewatazama. Tazameni goti: halinyooki kabisa hata mara moja, limekunjwa kidogo muda wote. Hatua ni fupi, zinafuatana haraka, na unyayo unatua chini ya mwili, hautangulii mbele. Macho hayapo kwenye vidole, yapo hatua kadhaa mbele, penye jiwe lijalo na mzizi ujao. Shingo imetulia. Njia hiyo ikilowa masika huwa na utelezi mbaya, na bado utakaa pale asubuhi nzima usione tenga likianguka. Hakuna kocha atakayewafundisha kushuka vizuri kuliko hao.

Kupanda, sheria ni moja: usiogope kutembea. Vijana wengi wanaona aibu, wanataka waonekane wanakimbia hata pale mwinuko unapokuwa mkali, na matokeo yake pumzi inawakatikia kabla ya nusu ya mlima. Mabingwa wenyewe hutembea. Mwinuko ukishakuwa mkali, inama kidogo kutokea kiunoni, weka viganja juu ya magoti, sukuma kila hatua, upumue kwa mpangilio. Anayetembea hivyo humpita anayejilazimisha kukimbia, na akifika juu bado ana miguu ya kukimbilia kwenye tambarare ya mgongoni.

Kushuka ndiko kunakoumiza. Wakati wa kushuka msuli wa paja unafanya kazi ya breki, unanyooshwa huku umejikaza, na kazi hiyo huuchana kidogo kidogo. Ndiyo maana maumivu hayaji siku hiyo. Huja kesho yake na keshokutwa, mtu anashuka ngazi za nyumbani ameshika ukuta. Habari njema ni kwamba msuli hujifunza haraka. Ukishuka kidogo wiki hii, ukauacha upone, ukarudia, mara ya tatu au ya nne hautalia tena kama mwanzo. Kwa hiyo msianze na kushuka mlima mzima kwa kasi. Chagueni kipande kifupi, mshuke kwa wepesi, mpande kwa kutembea, mrudie mara chache, mwende nyumbani. Wahenga walisema mwenda pole hajikwai, na kwa mambo mengi nakubaliana nao, lakini mteremkoni anayejizuia sana ndiye anayeteleza: anaegemea nyuma, uzito unakwenda kisiginoni, mguu unakimbia peke yake. Egemea mbele kidogo, legeza mikono, hatua ziwe fupi na za haraka.

Sehemu kubwa ya wiki iwe ya mwendo mwepesi, ule ambao unaweza kuzungumza na mwenzako bila kukatisha sentensi. Siku moja panda kwa nguvu. Siku moja nenda mbali, taratibu. Siku moja pumzika kweli, si pumziko la kucheza mpira. Chakula nitakipitia haraka: uji, viazi vitamu, ugali na maharage vinatosha kabisa, na asiwatishe mtu kwa vikopo vya unga wa bei ghali. Maji yawe na chumvi kidogo mkitoka jasho la saa nyingi.

Sasa ramani, na hapa sitaharakisha.

Karatasi za ramani za serikali za uwiano wa 1:50,000, ambazo nilizitumia kazini, zinaonyesha nusu kilomita ya ardhi kwa kila sentimita moja. Ramani za orientiringi huchorwa kwa uwiano wa 1:15,000 au 1:10,000, na ndani yake hata jabali lililosimama peke yake lina alama. Msitu unaokimbilika umeachwa mweupe, vichaka vizito ni vya kijani, sehemu za wazi ni za njano, maji ni ya bluu, na mistari ya kontua ni ya kahawia. Ramani kama hizo ni chache huku kwetu. Msikae mkizisubiri. Karatasi ya 1:50,000 itawafundisha lililo kubwa kuliko yote, yaani kusoma umbo la ardhi kwenye mistari ya kontua. Mistari ikibanana, hapo pana mwinuko mkali. Ikiachana, pametulia. Ikichongoka kuelekea juu ya mlima, hilo ni bonde. Ikichongoka kuelekea chini, huo ni mgongo. Anayeyajua hayo kwa moyo hahitaji kuuliza njia, kwa sababu njia hubadilika kila masika, lakini mgongo wa mlima aliouona babu yangu ndio ninaouona mimi.

Zoezi la kwanza lifanyeni mmekaa. Chukua ramani, chagua sehemu mbili, mweleze mwenzako safari nzima bila kuonyesha kwa kidole: nitapanda mgongo huu, mkono wa kulia kutakuwa na korongo, nitavuka kijito, kisha kutakuwa na tandiko la mlima kati ya vilele viwili. Kisha nendeni mkaikimbie. Mkirudi, kila mtu achore alikopita kwa kumbukumbu, ndipo mfungue saa ya jipiesi mlinganishe. Saa itumike baada ya kazi. Ukiitazama njiani inakunyima kile kile ulichokuja kujifunza.

Zoezi la pili ni la kufikiri ukiwa umechoka. Akili ya mtu aliyepanda kwa nguvu si ile aliyokuwa nayo amekaa. Pumzi ikiwa juu mtu mwerevu husoma kushoto akasema kulia. Kwa hiyo panda kwa nguvu dakika chache, na ukifika juu, kabla hujapumua vizuri, toa ramani useme upo wapi na kaskazini ni upande gani. Mwanzoni utababaika. Endelea.

Ukiwa mwendoni, igeuze ramani mpaka kaskazini yake ilingane na kaskazini ya ardhi, na kidole gumba kikae pale ulipo. Kila ukipita kitu unachokitambua, kisogeze kidole. Usiulenge moja kwa moja ule mti au lile jiwe lenye kibendera. Tafuta kwanza kitu kikubwa kilicho karibu nacho kisichoweza kukupotea, kama makutano ya vijito, daraja, au kona ya shamba la mitiki. Kimbia hadi hapo kwa kasi yako yote, kisha punguza mwendo, hesabu hatua, fuata dira. Jifunze pia hesabu ya mwinuko. Mskoti mmoja, William Naismith, aliweka kanuni mwaka 1892: saa moja kwa kila kilomita 5, na saa nyingine kwa kila mita 600 za kupanda. Maana yake mita 100 za kupanda zinakugharimu kama mita 800 za tambarare. Ukiwa na njia ya kilomita 1 inayokatiza juu ya mlima wenye kupanda mita 150, na nyingine ya kilomita 2 inayozunguka bila kupanda, ya kuzunguka ndiyo nyepesi kidogo. Wengi huchagua ile inayoonekana fupi.

Neno kuhusu dira. Ukiletewa dira na ndugu aliye Ulaya, iangalie kabla ya kuiamini. Sindano ya dira hainyooki tu kaskazini na kusini, huinama pia, na kiasi cha kuinama hutofautiana baina ya sehemu na sehemu za dunia. Watengenezaji huisawazisha kwa eneo itakakouzwa. Iliyosawazishwa kwa ajili ya Sweden, ikifika hapa, ncha moja huzama ikagusa kioo, ikakwama, ikakuonyesha uongo huku imetulia kabisa. Ilaze kwenye kiganja, izungushe taratibu, tazama kama sindano inaelea huru. Kama inakwaruza, tafuta nyingine.

Kosa litakalowapata wote ni la mabonde pacha: unadhani upo bonde la tatu kumbe upo la nne, na kwa sababu mabonde yanafanana, vitu viwili vya kwanza vinakubaliana na ramani. Cha tatu kinakataa. Hapo mtu huanza kujishawishi kwamba kijito kimekauka, kwamba mchoraji alikosea. Ukijisikia unaanza kuilaumu ramani, simama hapo hapo. Rudi hadi mahali pa mwisho ulipokuwa na uhakika. Na katika Uluguru msije mkafuata mto kushuka mkidhani utawatoa salama. Mito yetu ina maporomoko, na mtu anayeshuka nayo hujikuta juu ya jabali, mahali asipoweza kwenda mbele wala kurudi.

Baridi na kimo nazo si za kufanyiwa mzaha. Mei 2021, huko mkoa wa Gansu, China, mbio za kilomita 100 za milimani zilikutwa na upepo, mvua na mawe ya barafu, na wakimbiaji 21 wakafa, wengi wakiwa na kaptura na fulana nyepesi. Koti la mvua likunjwe kiunoni hata kama mjini jua linawaka, na filimbi ining'inie shingoni. Na mwenye ndoto ya kukimbia Kilimanjaro amsome Simon Mtuy, ambaye mwaka 2006 alipanda kwa njia ya Umbwe hadi Uhuru, mita 5,895, akashuka kwa Mweka, kwa saa 9 na dakika kadhaa, akijitegemea mwenyewe kwa kila kitu. Yeye ni mtoto wa mlima ule, na alikuwa ameshaupanda kwa miaka akiongoza wageni. Damu huhitaji muda kuzoea hewa ya juu, na mapafu ya Morogoro hayatoshi kwa kilele kile hata uwe na kasi gani.

Nina kisa kimoja ambacho ningependa kila mmoja wenu akijue. Agosti 2009, Miskolc, Hungaria, mashindano ya dunia ya orientiringi, mbio za kupokezana. Katika mkondo wa mwisho wakimbiaji wachache walikuwa mbele wakigombea medali. Msituni, Mswidi Martin Johansson akachomwa na kijiti kikaingia ndani kabisa ya paja, damu ikamwagika. Thierry Gueorgiou wa Ufaransa, aliyekuwa tayari bingwa wa dunia mara kadhaa, alisimama. Anders Nordberg wa Norway akasimama. Michal Smola wa Ucheki akasimama. Watatu hao walikuwa na medali mikononi, na wakaziacha zipite ili wamfunge jeraha na kumtoa msituni. Hakukuwa na hadhira pale, wala mwamuzi. Johansson alipona akarudi kukimbia. Mtu haamui jambo kama hilo papo kwa papo. Anakuwa ameshajijua zamani kilichompeleka msituni.

Kwa wasichana nasema hivi: mlima ni wenu vilevile, na mama zenu wameupanda kabla ya hawa wavulana kuzaliwa. Wazazi wakisita, waleteni kwangu tuzungumze. Lakini asiende mtu peke yake, awe msichana au mvulana.

Na muwe na adabu na ardhi ya watu. Msikatize kwenye matuta ya viazi kwa sababu ramani inaonyesha pameachwa wazi. Mkikuta wazee shambani, punguzeni mwendo muamkie. Shikamoo haikupunguzii dakika ya maana. Ndani ya hifadhi ingieni kwa kibali, na utepe mliofunga kwa mazoezi mrudi nao wote.

Jumamosi ijayo nitakuwa nyumbani na karatasi yangu ya ramani ya 1:50,000. Njooni wawili wawili, kila jozi na penseli, kifutio na dira moja iliyojaribiwa. Tutaanza mezani, kisha mtapanda. Na kabla ya kutoka nyumbani, siku hiyo na siku zote, mwambie mtu mmoja unakwenda wapi, unapita mgongo gani, na utarudi saa ngapi.